Mlinzi wa Kompyuta Asiwe Mzigo

Watu wengi wakisikia habari za usalama wa kompyuta hufikiri mara moja juu ya neno la siri, kufuli la mlango wa maabara, na pengine mwizi mwerevu aliyejificha katika nchi za mbali. Ni wachache wanaofikiri juu ya kasi. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba mlinzi wa kompyuta aliye mzito ana hatari iliyo karibu sawa na kukosa mlinzi kabisa, na kwamba dawa ya uzito huo haiuzwi dukani. Hupatikana kwa kuzipanga vizuri kanuni anazozifuata mlinzi huyo, kazi ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu wa Shinyanga au Geita anaiweza kwa kalamu na karatasi.

Nianze na jambo nililoliona mwenyewe. Katika shule moja ya sekondari mkoani Shinyanga, ambayo sitaitaja jina, ilikuwapo kompyuta moja kuukuu iliyohifadhi alama za wanafunzi wote. Fundi aliyeitayarisha alikuwa mtu makini. Aliweka ndani yake programu ya ulinzi iliyofuatilia kila ombi ambalo programu nyingine zilipeleka kwa mashine, ikalilinganisha ombi hilo na kanuni zake moja baada ya nyingine, kisha ikaandika matokeo. Mambo yalikwenda vizuri hadi wiki ya kutoa ripoti za muhula. Walimu wanane walitaka kuchapa kwa wakati mmoja, na mashine ikaanza kwenda kwa mwendo wa kinyonga. Mwalimu wa taaluma alipouliza kulikoni, aliambiwa kwamba chanzo ni yule mlinzi. Akaagiza azimwe kwanza, kazi imalizike. Alizimwa, na hakuwashwa tena muhula mzima. Ilipokuja kugundulika kwamba alama za wanafunzi wawili zimebadilishwa, hakuna aliyeweza kusema zilibadilishwa siku gani wala na nani.

Sikumlaumu mwalimu wa taaluma wakati ule, na simlaumu sasa. Wazazi walikuwa wamekaa uani tangu asubuhi, wengine wametoka vijiji vya mbali kwa baiskeli. Mtu akilazimishwa kuchagua kati ya kazi iliyo mbele ya macho yake na hatari asiyoiona, atachagua kazi. Kosa lilikuwa la yule aliyefikiri kwamba kanuni zikiwa sahihi basi ulinzi umekamilika.

Yafaa sasa tueleze mlinzi huyo alikuwa akifanya nini. Programu yoyote inayoendeshwa katika kompyuta hairuhusiwi kugusa diski, mtandao wala vifaa vingine kwa mkono wake yenyewe. Kazi hiyo ni ya kiini cha mfumo endeshi peke yake. Programu ikitaka kusoma faili, sharti ipeleke ombi kwa kiini, nacho kitende na kurudisha jibu. Tunaweza kulinganisha jambo hili na ghala la baruti mgodini. Mlipuaji haingii ghalani na kujichotea apendavyo. Hufika dirishani, hutaja anachotaka na kiasi chake, na mtunza ghala ndiye anayekitoa. Ombi la namna hiyo ndani ya kompyuta huitwa mwito wa mfumo. Katika mfumo endeshi wa Linux, kwa vichakato vya biti 64 vinavyotumika sana siku hizi, kuna aina zaidi ya 300 za miito, na kila aina ina namba yake. Kusoma ni namba 0, kuandika ni namba 1, kuunganisha na mashine nyingine kwa mtandao ni namba 42, kuanzisha programu mpya ni namba 59.

Uzuri wa dirisha hilo ni kwamba hata mwizi hana budi kulipitia. Programu mbovu yaweza kujiita jina zuri na kujificha katika faili lenye sura ya barua, lakini siku inapotaka kuiba au kuharibu kitu, itaomba. Ndiyo maana wataalamu walianza mapema kuona kwamba kumbukumbu za matendo ya mashine zinaweza kumfichua mhalifu. James Anderson aliandika juu ya jambo hilo nchini Marekani mwaka 1980, na Dorothy Denning akatoa mfano kamili wa namna ya kulifanya mwaka 1987. Mwaka 1996 Stephanie Forrest na wenzake wa Chuo Kikuu cha New Mexico walionyesha kwamba mfuatano wa miito unaweza kutofautisha programu iliyo katika hali yake ya kawaida na ile iliyoingiliwa. Mwaka huohuo watafiti wa Berkeley, katika mradi wao ulioitwa Janus, walitumia kanuni zilizoandikwa na binadamu kuamua mwito upi uruhusiwe na upi ukataliwe.

Tatizo ni wingi wa miito. Hata programu ndogo inayoandika neno moja tu kwenye kioo hupeleka makumi ya miito kabla ya kumaliza kazi yake. Mashine yenye shughuli hupeleka maelfu kwa maelfu kila sekunde. Mlinzi akichukua muda mfupi mno kwa kila mwito, muda huo mfupi huzidishwa kwa maelfu hayo, na hapo ndipo kinyonga anapozaliwa.

Uzito wa kwanza unatokana na mahali anaposimama mlinzi. Walinzi wengi wa zamani walikuwa programu za kawaida zilizokaa nje ya kiini. Kila mwito ulipotokea, kiini kilisimamisha programu iliyoomba, kikamwamsha mlinzi, kikangoja uamuzi wake, kisha kikairudia ile programu. Na mara nyingi safari hiyo ilirudiwa mwito ulipomalizika. Ni kama kila gunia la mawe linalotoka shimoni Rwamgasa lipelekwe kwanza Geita mjini kuulizwa kama laweza kupita, na liulizwe tena likirudi. Gharama kubwa haiko katika kuuliza, iko njiani. Tena njia hiyo ilizidi kuwa ghali baada ya Januari 2018, ilipotangazwa kasoro ya vichakato iliyopewa jina la Meltdown. Marekebisho yake yalifanya kila safari ya kuvuka kati ya programu na kiini iwe nzito zaidi kuliko awali.

Dawa ilikuwa kumhamisha mlinzi. Mwaka 1993 Steven McCanne na Van Jacobson, wa maabara ya Lawrence Berkeley, walichapisha njia ya kuandika kanuni fupi fupi zinazoweza kuendeshwa ndani ya kiini chenyewe. Wao walikuwa wakishughulikia vifurushi vya habari vipitavyo katika mtandao, ili vile visivyohitajika vitupwe palepale bila kubebwa hadi nje. Mwaka 2012 njia hiyo iliingizwa katika toleo la 3.5 la Linux kwa kazi ya kuchuja miito ya mfumo. Tangu hapo uamuzi hutolewa palepale dirishani.

Wachenjuaji wa dhahabu hawatashangaa hata kidogo. Nenda Nyarugusu au Rwamgasa ukaone jinsi mawe ya mbale yanavyoshughulikiwa. Hakuna anayechukua kila jiwe lililotoka shimoni akalipeleka moja kwa moja kwenye zebaki. Kwanza mawe huchambuliwa kwa macho na mkono, na yasiyo na dalili hutupwa. Yanayobaki huenda kwenye karasha, kisha husagwa, kisha unga huoshwa kwa maji juu ya mteremko uliotandikwa gunia, na kiasi kidogo kilichonaswa ndicho kinachofika katika hatua ya mwisho iliyo ghali na yenye hatari. Kazi rahisi hutangulia na kupunguza mzigo, kazi nzito hungoja. (Zebaki yenyewe ni balaa kwa afya ya wachimbaji na kwa maji yetu, lakini hayo yanahitaji makala yake.) Mlinzi wa kompyuta aliyepangwa vizuri hufanya vivyo hivyo. Swali la kwanza liwe jepesi na liondoe miito mingi: hii ni namba gani? Maswali magumu, kama vile faili hili ni la nani na programu hii ilizaliwa na programu ipi, yaulizwe kwa miito michache tu iliyobaki.

Uzito wa pili, na huu ndio ninaotaka walimu wa hisabati wautazame, unatokana na mpangilio wa kanuni. Tuchukue mfano wa kubuni. Mlinzi ana kanuni 20, kila moja ikihusu aina moja ya mwito, na huzisoma kutoka juu kwenda chini mpaka apate inayohusika. Katika kila miito 100, tuseme 60 ni ya kusoma, 25 ni ya kuandika, 10 ni ya kufunga faili, na 5 ni ya aina nyingine. Aliyeandika kanuni hakufikiri juu ya wingi huo. Kanuni ya kusoma ameiweka nafasi ya 18, ya kuandika nafasi ya 12, ya kufunga faili nafasi ya 15, na zile nyingine kwa wastani zipo nafasi ya 10. Idadi ya maswali kwa miito 100 ni 60 mara 18, kuongeza 25 mara 12, kuongeza 10 mara 15, kuongeza 5 mara 10. Jumla yake ni 1580. Sasa tubadili nafasi tu: kusoma iwe ya kwanza, kuandika ya pili, kufunga ya tatu; na tuwe wakali kwetu wenyewe kwa kudhani kwamba ile miito mingine 5 kila mmoja unafika hadi nafasi ya 20. Tunapata 60, na 50, na 30, na 100, yaani maswali 240. Kazi imepungua zaidi ya mara sita, wala hatukuongeza kitu wala kupunguza kanuni hata moja.

Tunaweza kwenda mbele zaidi. Tuseme miito ni aina 320. Badala ya kuuliza "ni 0? ni 1? ni 2?" mlinzi anaweza kuuliza kwanza kama namba inazidi 160, kisha kuigawa nusu iliyobaki, na kuendelea hivyo. Kwa kuwa 2 ikizidishwa yenyewe mara 9 hutoa 512, ambayo ni kubwa kuliko 320, maswali 9 yatatosha daima. Na ukitaka kufuta maswali yote hayo, tengeneza jedwali lenye nafasi 320, kila nafasi ikiwa na alama moja tu: ruhusu, au chunguza zaidi. Mwito ukifika, mlinzi huenda moja kwa moja kwenye nafasi yake. Haya si ndoto za ubaoni. Toleo la 5.11 la Linux, lililotoka Februari 2021, liliongeza jedwali la namna hiyo hasa, lenye biti moja kwa kila mwito ambao kanuni huuruhusu siku zote bila masharti.

Kuna pia njia ya kukumbuka. Mlinzi wa geti la mgodi huwatambua wafanyakazi waliopita dakika chache zilizopita. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walieleza mfumo walioupa jina la Draco, unaohifadhi mwito na viambatisho vyake vilivyokwisha kupimwa na kuruhusiwa, ili vikirudi tena vilevile visipimwe upya. Jambo hili linafaa kwa sababu kanuni za vichujio hivyo hutazama namba na viambatisho tu, hazitazami saa wala historia. Kwa hiyo swali lilelile halina budi kupata jibu lilelile. Kanuni zinapoongezwa, kumbukumbu za zamani hufutwa na kazi huanza tena.

Hapa msomaji mwangalifu atauliza: je, katika haraka hii hatuwezi kuharibu ulinzi wenyewe? Twaweza, tena kwa urahisi. Tuseme mlinzi hufuata kanuni ya kwanza inayolingana na mwito. Kanuni ya juu inasema "zuia kuandika katika faili la alama", na ya chini yake inasema "ruhusu kuandika". Mtu aliyejifunza nusu ya somo ataona kwamba miito ya kuandika ni mingi, ataipandisha kanuni ya ruhusa juu, na mashine itakwenda kasi ajabu. Lakini kanuni ya kuzuia haitafikiwa tena milele. Imebaki katika orodha kama picha ya askari ukutani. Kanuni mbili zinazofuatana zinaweza kubadilishana nafasi ikiwa hakuna mwito hata mmoja unaozigusa zote mbili, au ikiwa zote mbili zinatoa uamuzi mmoja. Mwanafunzi aliyesoma seti atatambua kwamba tunazungumza juu ya seti zisizo na memba wa pamoja. Na wanafunzi wanaouliza seti zina faida gani maishani wapewe jibu hili.

Mtego mwingine umo katika kile kinachokaguliwa. Programu inapoomba kufungua faili, haipeleki jina lenyewe dirishani. Hupeleka anwani ya mahali jina lilipoandikwa katika kumbukumbu ya mashine. Mlinzi akisoma jina akaliridhia, programu mbovu inaweza kulibadili kabla kiini hakijalisoma kwa mara ya pili. Mwaka 2007 Robert Watson wa Chuo Kikuu cha Cambridge alionyesha kwamba walinzi kadhaa waliokuwa wakitumika waliweza kudanganywa hivyo. Ni sawa na kukagua gunia, kisha gunia jingine likawekwa mahali pake kabla halijafika kwenye mizani. Kwa sababu hiyo vichujio vya haraka ndani ya kiini hutazama namba peke yake, na ukaguzi wa majina ya mafaili huachiwa sehemu nyingine ya kiini, pale ambapo faili lenyewe limekwisha kupatikana na haliwezi tena kubadilishwa.

Nimesikia mara nyingi hoja kwamba haya yote yatatatuliwa kwa kununua mashine zenye nguvu. Sikubaliani. Mashine yenye nguvu hupewa kazi zaidi, na miito huongezeka pamoja nayo. Mlinzi aliyepangwa vibaya hubaki akila sehemu ileile ya muda. Isitoshe, katika shule na ofisi zetu nyingi za Kahama, Geita na Maswa, kompyuta iliyopo ndiyo itakayokuwapo kwa miaka mingi ijayo. Wala nchi yetu si ngeni kwa hasira ya watu dhidi ya mashine zinazoshindwa kazi. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya matatizo ya hesabu za Hazina, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, na miaka mingi ilipita kabla ya marufuku hayo kulegezwa. Kitu kizima kilifungiwa kwa sababu ya namna kilivyotumiwa. Mwalimu wa taaluma aliyezima mlinzi alifanya jambo hilohilo kwa kipimo kidogo.

Na mambo yaliyo hatarini hapa kwetu si alama za shule tu. Tangu Soko la Madini la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, mchimbaji mdogo hupeleka dhahabu yake mahali panapojulikana, hupimwa, huthaminiwa, na mrabaha hukatwa kwa kumbukumbu. Siku kumbukumbu za namna hiyo zitakapoweza kubadilishwa bila kuacha alama, mtu aliyechimba miezi sita na kupata gramu chache atakuwa hana pa kusimama. Atapimiwa kwa mizani sahihi na kulipwa kwa daftari la uongo. Ndiyo maana nasema kwamba afisa yeyote anayekabidhiwa mashine yenye kumbukumbu za watu asiulize tu kama mlinzi yupo. Aulize pia siku ya kazi nyingi mlinzi huyo hula muda gani, na ni nani mwenye ruhusa ya kumzima. Fundi asiye na majibu ya maswali hayo hajamaliza kazi yake, hata kama kanuni zake zimejaa kurasa kumi.

Kwa walimu nina pendekezo moja. Iko programu ya bure iitwayo strace, inayoweza kuhesabu miito yote ya programu nyingine na kutoa jedwali la idadi ya kila aina. Kompyuta moja kuukuu yatosha darasa zima. Jedwali linakiliwa ubaoni, wanafunzi wanapewa kanuni 12 zilizopangwa ovyo, nao wanahesabu maswali yatakayoulizwa kabla na baada ya kupanga upya. Nimelifanya zoezi hili na vijana wa kidato cha tatu katika vipindi viwili vya mfululizo. Kundi moja lilipata idadi ndogo kuliko makundi mengine yote na likaanza kushangilia, mpaka binti mmoja wa kundi la nyuma aliposimama na kusema kwamba wenzake wameishusha kanuni ya kulinda faili la alama chini ya ruhusa ya kuandika. Wakabisha. Kengele ya chakula ikalia, wakaendelea kubisha, na nilipotoka darasani walikuwa bado wamezunguka ubao, chaki mkononi, wakijaribu mwito mmoja mmoja.